Ngitili Haimo Daftarini

Mwakilumbi, karibu na Nkololo
Jumatatu, 9 Machi 1998

Mwanangu Eufrasia,

Nakuomba radhi kwa kukaa miezi minane bila kukuandikia. Sababu unaijua: uliondoka siku ya pili baada ya kumzika mama yako mkubwa, ukasema una kikao. Nilijiapia kwamba sitakuandikia tena, kikao hicho ndicho kikuandikie. Leo nimevunja kiapo. Hasira ile haijaisha, ila nimepata nyingine iliyo kubwa zaidi.

Juzi Jumamosi mzee Nkinda alikwenda kukagua mpaka wa ngitili. Kazi hiyo unaikumbuka. Mvua zikianza tunayafunga malisho yale, asiingie hata ndama, mpaka mwezi wa Agosti dagashida ikae, wanaume wa kijiji chote, na kuyafungua kwa ng'ombe wa jembe, wanaonyonyesha na wagonjwa. Mwaka huu, kwa mvua hizi zisizokoma, majani yanamfika Nkinda kifuani. Humo ndani alikuta vigingi kumi na kimoja vyenye rangi nyekundu, na vijana wawili wanavuta kamba ya kupimia.

Aliwauliza, "Nani kawatuma?"

"Halmashauri."

"Halmashauri ni nani?"

"Mzee, Halmashauri ni Halmashauri. Hapa panajengwa kiwanda cha kuchambua pamba. Mngeshukuru."

Nilipoitwa nilikuwa nanyoa ndevu. Nilifika na povu shingoni, na vijana wale wakacheka. Sijachekwa na watu wa umri ule tangu nilipoacha kufundisha, na nilipokuwa nafundisha hawakucheka mara mbili.

Wewe unalipwa mshahara kwa kuandika vikao vya Halmashauri hiyo, na kuandika nilikufundisha mimi. Basi nijibu bila maneno ya heshima. Nani aliamua? Alikaa wapi, lini? Na mtu asiyekubali anakwenda kwa nani? Wenye ng'ombe wanataka kung'oa vigingi. Nimewaambia wasubiri barua yako siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano sitakuwa na la kuwaambia.

Ngitili ile ikienda, Septemba ng'ombe wa jembe watakufa, na Novemba hatutalima. Hicho kiwanda kitachambua pamba ya nani?

Baba yako mkubwa,
Athanasi Salu


Bariadi,
16 Machi 1998

Shikamoo Baba Mkubwa, na mwangaluka kwa wote wa nyumbani.

Barua yako ilifika Ijumaa ikiwa imelowa, kwa sababu gari lilikwama mtoni siku mbili. Nimeisoma mara tatu. Umeniambia niache maneno ya heshima, nami nayaacha hapa.

Halmashauri si mtu mmoja, wala si jengo hili ninamokaa. Jambo la ardhi ya kijiji halianzii mjini. Novemba wanunuzi binafsi wa pamba waliomba kiwanja. Ofisi ya mkurugenzi ikaviandikia vijiji vilivyo karibu na barabara: nani ana eneo lisilo na matumizi? Halmashauri ya kijiji chako ikakaa na kujibu kwamba inalo. Desemba akaja afisa wa ardhi kuliona. Januari taarifa yake ikapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni diwani Novatus na wajumbe ni wenyeviti wa vijiji vyote vya kata, akiwemo wa kwenu. Wakapitisha. Februari ikaja kwenye Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ya wilaya. Ikapitishwa pia.

Lakini sikiliza. Kamati zote hizo hupendekeza tu. Mwenye kuamua ni baraza la madiwani wote, nalo litakaa Alhamisi, tarehe 30 Aprili. Mpaka siku hiyo vigingi vile ni vijiti tu. Wasiving'oe. Wakiving'oa, polisi watakuwa na kesi, nanyi hamtakuwa na hoja.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji, Kristofa. Mwombe jalada na daftari la vikao. Ni haki yako kuyasoma. Mimi ni karani, Baba Mkubwa. Nabeba mafaili, napiga chapa, napeleka chai.

Mwanao,
Eufrasia


Mwakilumbi,
Jumatatu, 23 Machi 1998

Eufrasia,

Nimekwenda kwa Kristofa. Ni kijana wa Ipililo, ana mwaka mmoja tu hapa, na ofisi yake inavuja. Nilimkuta ameliweka daftari la kijiji ndani ya sufuria lisilowe. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ngitili ni eneo lisilo na matumizi.

"Mwalimu, barua iliuliza kijiji kina nini. Nikafungua daftari. Kuna mashamba, shule, zahanati, kisima, makaburi. Lililobaki halina jina. Wajumbe walikuwa sita, nikawasomea, wakasema sawa."

"Na walipokwenda kuonyesha?"

"Afisa aliuliza, 'Hapa mnafanya nini?' Mwenyekiti akasema, 'Sasa hivi hapafanywi kitu, pamefungwa.' Afisa akaandika."

Nikamwambia hajui kusoma. Nikamwambia pia kwamba mwenyekiti wake ni mjinga, kwa maana afisa akija Desemba hawezi kuona kwato hata moja, na kutokuwepo kwa kwato ndiyo matumizi yenyewe. Majani hayo yangekuwa yameliwa, tungekuwa nayo bado. Tumenyang'anywa kwa sababu tumeyatunza.

Kisha akanipa muhtasari wa Kamati ya Uchumi, wa tarehe 11 Februari. Nikausoma mpaka mwisho, kama ninavyosoma kila kitu. "Wajumbe waliarifiwa kuwa eneo ni pori tupu." Chini yake: "Mwandishi wa kikao: E. S. Salu."

Napeleka chai, uliniandikia.

Ulikuwa umekaa humo. Ulisikia jina la kijiji chako. Ulisikia neno "pori tupu", ukaliandika kwa mkono niliouongoza mimi ulipokuwa na miaka sita. Majani yaliyoezekea nyumba uliyozaliwa yalikatwa humo. Ng'ombe waliolima pamba iliyokulipia shule walikula humo. Marehemu Sylvester, baba yako, alichunga humo akiwa uchi. Ukaweka nukta, ukageuza ukurasa. Kisha ukakaa mwezi mzima, na nilipokuuliza ukanieleza habari za kamati kana kwamba mimi ni mgeni wa kutoka Ulaya.

Sitaki kujua tena kamati ngapi zimekaa. Nataka kujua wewe ulisema nini.

A. Salu


Bariadi,
30 Machi 1998

Baba Mkubwa,

Karani haruhusiwi kusema katika kikao. Akisema anatolewa, na anayeingizwa badala yake hatoki Mwakilumbi. Hilo la kwanza.

La pili: nilisema. Wakati wa chai nilimfuata afisa wa ardhi nikamwambia kwamba pale ni ngitili, nikamweleza inafungwa lini na inafunguliwa lini. Si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti, ngitili naijua, kwetu Zagayu tunazo. Nionyeshe ilipoandikwa kwamba hii ni mojawapo, nami nitaiondoa leo."

Nikaomba funguo za masjala. Nilikaa humo siku tatu, saa za kazi zikiisha, nikasoma nakala zote za mihtasari ya vikao vya kijiji, kuanzia mwaka 1976 hadi 1993. Miaka kumi na saba. Yote ni mwandiko wako, Baba Mkubwa. Sijaona mihtasari mizuri kuliko hiyo katika wilaya nzima. Umeandika mbuzi aliyekula pazia la zahanati. Umeandika mjumbe aliyesinzia, na saa aliyosinzia. Umeandika majina ya waliochelewa, na la baba yangu limo mara tisa.

Ngitili haimo. Hata mara moja. Nilidhani nimeruka ukurasa, nikarudia.

Kwa hiyo usimwambie Kristofa kwamba hajui kusoma. Amesoma ulichokiandika. Hakuna alichokosea.

Ndiyo sababu nilinyamaza. Nilishindwa kuandika barua ya kukuambia kwamba waliotuuza si madiwani. Nilitaka kwanza nipate njia, kisha nikuambie yote pamoja. Halafu ikaja barua yako ya kwanza ya kunitukana, na mimi nikaanza kujificha. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Mengine siyakubali.

Na kuhusu mazishi: kikao kile cha Julai kilikuwa cha bodi ya afya. Kulikuwa na ajenda ya gari la wagonjwa la kata yetu, ambalo halikufika kwa mama mkubwa. Nilikwenda kuhakikisha kwamba habari hiyo inaandikwa vizuri. Imeandikwa. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza. Ulinipa kisogo.

Njia ipo moja. Mkutano mkuu wa kijiji ukae, wakazi wote, si wajumbe sita. Utamke kwamba ngitili ipo, mipaka yake, sheria zake, na uombe uamuzi ubadilishwe. Muhtasari upite kwenye kamati ya kata kabla ya baraza. Ila diwani Novatus ameniambia ukweli: muhtasari wa sasa, baada ya vigingi, utaonekana umetungwa. Amesema, "Ningepata hata mstari mmoja wa zamani, ningesimama nao."

Kwa nini hukuuandika?

Eufrasia


Mwakilumbi,
Jumatano, 8 Aprili 1998

Eufrasia,

Umeuliza, nami nitajibu.

Mwaka 1976, tulipokwisha kuhamishwa na kupangwa kijiji, alikuja mtu wa mipango kutoka mkoani kutafuta mahali pa shamba la pamoja la pamba. Wazee waliniita dagashida, baba yake Nkinda akaniambia, "Mwalimu, vikao vya Serikali viandike upendavyo. Haya ya kwetu yasiingie katika daftari lile." Mtu wa mipango alipofika hakwenda porini, alikaa ofisini kwangu akafungua daftari. Hakuona ngitili. Akapima shamba upande wa barabara. Vijiji vitatu jirani vilikuwa vimeziandika zao, kwa hati nzuri, na zililimwa zote. Ya kwetu ilibaki.

Nilijiona mwerevu. Kila mwaka dagashida iliifunga na kuifungua, nami niliketi pale nikiwa na mikono mitupu, na kila mwezi niliketi kwenye kikao cha Serikali nikiandika habari za mbuzi. Baadaye hapakuwa tena na wa kuogopwa, lakini nilikuwa nimezoea. Hata nilipokabidhi daftari mwaka 1993 sikufikiri. Niliona fahari kwamba halina hata kosa moja.

Jana walikuja Kristofa na diwani Novatus. Walikuwa na daftari la mwaka 1987. Wewe uliyesoma umeona kwamba mwisho wa kila kikao niliacha mistari mitatu mitupu kabla ya sahihi. Kristofa alisema, "Mwalimu, mwandiko ni wako. Wino wa buluu upo dukani."

Diwani alisema, "Si uongo. Ngitili ilikuwepo mwaka 1987 au haikuwepo?"

Ilikuwepo. Mwaka ule ilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Naikumbuka siku kwa sababu ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, na wazee wa Kikatoliki walichelewa.

Daftari wameniachia. Liko hapa mezani. Nakuuliza kama karani, usinijibu kama mtoto: ukurasa huo ukifika kwako, utauweka katika jalada?

A. S.


Bariadi,
Jumatatu ya Pasaka, 13 Aprili 1998

Baba Mkubwa,

Nitaupokea. Kisha nitaugonga muhuri wa tarehe niliyoupokea, na nitaulinganisha na nakala ya mwaka 1987 iliyoko masjala, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Katika nakala hiyo mistari mitatu ni mitupu. Diwani hajui kwamba nakala ipo. Wewe unajua, maana wewe ndiye uliyekuwa ukizituma, kila mwezi, bila kukosa.

Nilipokuwa darasa la nne nilibadilisha saba kuwa tisa kwenye karatasi ya hesabu. Ulinichapa mbele ya darasa zima, nami nilikuwa mtoto wa mdogo wako. Ulisema, "Kosa ulilokosa ni lako, liache lionekane." Mpaka leo sijui kama nimekusamehe kwa fimbo zile, lakini maneno hayo ndiyo ninayofanyia kazi. Sitakubali uyafute kwa wino wa dukani.

Na mistari hiyo ikigunduliwa, baraza halitaamini neno lolote kutoka Mwakilumbi, hata lile la kweli.

Mkutano mkuu unahitaji tangazo la siku tano. Nimeanza kuhesabu.

Eufrasia


Mwakilumbi,
Jumamosi, 25 Aprili 1998

Mwanangu,

Mkutano umefanyika Jumapili, tarehe 19, baada ya ibada. Walihudhuria watu mia mbili na kumi na moja. Nilihesabu mwenyewe.

Niliomba nafasi. Nilisimama na daftari la 1987, nikawaonyesha mistari mitatu mitupu. Nikawaambia ninyi mnawatukana madiwani, mnamtukana mtendaji, jana mmemtukana mtoto wa Sylvester kwamba amekula rushwa, na mimi niliwasikia nikanyamaza. Aliyeiacha ngitili nje ni mimi, kwa kujua, miaka kumi na saba. Nikaeleza sababu.

Nikafunga daftari. Kisha Maximiliana, yule mjane anayeuza majani ya kuezekea, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, mwaka ule ng'ombe wangu aliponyea ua wa shule uliniandika. Ukaniandika jina la baba na la babu. Malisho yaliyomnenepesha ndiyo ulikosa wino?"

Watu walicheka. Safari hii sikuwa na povu shingoni, lakini iliniuma zaidi.

Wapo waliosema wanakitaka kiwanda, na wana haki. Mwaka jana wanunuzi walikuja wiki mbili tu wakatoweka, na pamba ikaoza majumbani. Tulibishana hadi alasiri. Mwisho Kristofa, ambaye nilimwita asiyejua kusoma, ndiye aliyepata neno: uwanja wa ghala la ushirika, kando ya barabara, umekaa bure tangu wanunuzi binafsi waingie, na hauna jani. Mkutano umeutoa huo. Ngitili imetajwa kwa mipaka yake minne, siku ya kufungwa, siku ya kufunguliwa, na adhabu. Nkinda alitamka, Kristofa akaandika. Mimi sikushika kalamu.

Pamoja na muhtasari nimeambatisha maelezo yangu ya ukurasa mmoja, yenye sahihi, kwamba mistari ile ni mitupu na ni kwa nini. Kamati ya kata ilikaa juzi Alhamisi, ikaupitisha muhtasari. Diwani alinung'unika kwamba nimempa silaha isiyo na risasi. Nikamwambia asimame nayo hivyo hivyo. Jalada anakuletea yeye mwenyewe. Ligonge muhuri wa siku litakapofika, wala usiongeze kitu.

Vigingi viko palepale. Hakuna aliyevigusa. Majani yamevifunika.

Kuhusu gari la wagonjwa, sikujua. Ningekuuliza, ningejua. Hilo nalo nimekosa, na liache lionekane.

Sasa sikiliza jambo moja. Nimeitwa dagashida Jumapili ijayo, tarehe 3 Mei. Ninashtakiwa kwa mawili: kwamba niliiacha ngitili bila maandishi, na kwamba nimetoa siri ya wazee mbele ya wanawake na Serikali. Nilimwambia Nkinda kwamba mashtaka haya mawili hayawezi kusimama pamoja, kwa kuwa niliacha kuandika kwa amri ya baba yake. Akanijibu, "Hayo utayasema huko." Faini ikipungua sana ni fahali mmoja, naye ninaye mmoja tu, yule mweusi wa jembe. Nimekasirika hata silali vizuri, lakini nitakwenda.

Aliponiaga aligeuka akasema, "Uje na daftari jipya. Wazee wamesema kuanzia sasa dagashida iandikwe, na mwenye mwandiko ni wewe."

Nikamuuliza, "Hata hukumu yangu?"

"Ndiyo utakayoanza nayo."

Alhamisi utakaa kwenye kiti chako na kuandika watakaloamua madiwani, bila kufungua mdomo. Jumapili nami nitakaa kwenye changu. Wewe usinipelekee habari kwa mdomo wa mtu. Nakili uamuzi neno kwa neno, hata kama umetushinda. Nami wazee wakiamua nitakunakilia wa kwangu vivyo hivyo, na sitaacha mstari mtupu.

Baba yako,
Athanasi Salu